Wanafunzi Wetu wa Uhandisi Huenda Wapi?

Kila mwaka, siku ya mahafali, jina la kila mhitimu husomwa kwa sauti na wazazi hupiga vigelegele. Majina ya wale walioanza pamoja nao lakini hawakufika siku hiyo hayasomwi. Ni desturi njema kuwashangilia waliofika. Lakini kwa mtu ambaye kazi yake ni kufundisha, orodha ile isiyosomwa ndiyo yenye mafunzo mengi zaidi. Ni akina nani waliomo? Waliondoka lini? Walikwenda wapi?

Katika makala haya nataka kueleza kwamba maswali hayo hayawezi kujibiwa na chuo kimoja kwa daftari la mwaka mmoja. Ipo nchi ambako yameanza kujibiwa, kwa sababu vyuo kadhaa vilikubali kuweka rekodi za wanafunzi wao mahali pamoja, kwa muda mrefu, ili watafiti wazisome. Nitaeleza pia kwa nini jambo hili lamhusu mwalimu wa sekondari, na hata mwanafunzi wa kidato cha pili, pengine kuliko linavyomhusu mhadhiri kama mimi.

Kosa nililolifanya mwenyewe

Yafaa nianze na kosa langu. Miaka michache baada ya kurejea kutoka ng'ambo, nilikokwenda kusomea shahada ya udaktari, nilihudhuria kikao cha walimu kilichojadili upungufu wa wanafunzi wa uhandisi katika madarasa ya juu. Kwa kuwa nilijiona mtu wa hesabu, nilichukua idadi ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza na ile ya mwaka wa nne, nikatoa moja katika nyingine, nikatangaza kwamba tofauti hiyo ndiyo hasara yetu. Wenzangu walitikisa vichwa kwa masikitiko. Mmoja wao akapendekeza tupandishe alama za kuingilia, maana bila shaka tulikuwa tukiwapokea vijana wasioiweza kazi. Hakuna aliyeniuliza swali la msingi: je, hao wa mwaka wa nne walipoanza walikuwa wangapi?

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme kitivo kilipokea wanafunzi 80 miaka mitatu iliyopita, kikapokea 100 mwaka uliofuata, kisha 120, na mwaka huu 140. Leo ukipita madarasani utawakuta 140 katika mwaka wa kwanza na 72 katika mwaka wa nne. Ukitoa, utasema vijana 68 wamepotea, karibu nusu. Kumbe wale 72 walianza wakiwa 80. Waliokosekana ni wanane tu, yaani mmoja kati ya kumi.

Kosa hilo ni sawa na la mtu anayewahesabu abiria wanaopanda basi alfajiri Dar es Salaam, akawahesabu wanaoshuka Mwanza alfajiri hiyohiyo, kisha akadai kwamba tofauti yao wametekwa njiani. Wanaoshuka leo walipanda jana. Hawakuanza safari pamoja na wanaopanda leo.

Pendekezo la kupandisha alama halikupita, lakini si kwa sababu kosa langu liligunduliwa. Muda wa kikao ulikwisha. Nimelifikiria mara nyingi tangu siku hiyo. Lingepita, wangekuwapo vijana ambao wangefungiwa mlango kwa ajili ya hesabu yangu mbovu, na wasingejua kamwe.

Jambo la pili lilinipata miaka kadhaa baadaye. Nilikuwa nimealikwa kutazama mradi wa maji wa kijiji kimoja, na fundi mkuu wa mradi akanijia, akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu." Sikumtambua mpaka aliponikumbusha. Alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, mmoja wa wale waliotoweka katikati ya muhula. Katika daftari letu alama iliyokuwa mbele ya jina lake ilisema "ameacha masomo", basi. Kumbe alihama kwa sababu za kifedha, akaingia chuo kingine karibu na nyumbani kwao, akahitimu, na sasa alikuwa akiwapatia maji wananchi wa kijiji kile. Kwa daftari letu alikuwa hasara. Kwa taifa alikuwa faida. Daftari halikudanganya kwa makusudi. Lilikuwa fupi mno, na lilikoma kwenye lango la chuo chetu.

Kumfuata mtu badala ya kuhesabu vichwa

Kuna namna mbili za kutazama shule au chuo. Ya kwanza ni kupiga picha: siku fulani, wapo wangapi katika kila darasa? Ya pili ni kumfuata kila mwanafunzi tangu siku aliyoandikishwa mpaka siku alipotoka, popote alipotokea. Picha ni rahisi na ni ya haraka, na ndiyo inayojaza ripoti nyingi. Kumfuata mtu ni kazi ya miaka. Lakini ni kwa kumfuata tu ndipo tunapoweza kumtofautisha aliyeshindwa na aliyehama, aliyechelewa na aliyeacha, aliyebadili fani na aliyekata tamaa.

Mfano mkubwa wa kazi ya namna hii katika elimu ya uhandisi uko Marekani, nao huitwa MIDFIELD. Chanzo chake ni miaka ya 1990, wakati vyuo vikuu kadhaa vya kusini-mashariki mwa nchi hiyo vilipounda ushirika wa kuboresha mafunzo ya uhandisi kwa msaada wa Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani. Ushirika huo ulianza kukusanya rekodi za wanafunzi wa vyuo wanachama katika hazina moja. Baadaye hazina hiyo ilipanuliwa, ikapata makao katika Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, chini ya uongozi wa Profesa Matthew Ohland. Rekodi zake zinaanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na leo zinahusu wanafunzi zaidi ya milioni moja.

Kilichomo humo si cha ajabu. Ni yaleyale yaliyomo katika ofisi ya msajili wa chuo chochote, yaliyopangwa katika majedwali manne. Jedwali la kwanza lamhusu mwanafunzi: aliingia lini, kwa sifa gani, ni mwanamke au mwanamume, alitoka shule au chuo gani. La pili lahusu mihula: katika kila muhula alikuwa katika fani gani, na alisimama wapi kwa alama. La tatu lahusu masomo: alichukua somo gani na alipata nini. La nne lahusu shahada: alihitimu lini, na katika fani gani. Kila mwanafunzi ana namba badala ya jina, na namba hiyo ndiyo inayoyafunga majedwali yote manne pamoja.

Zingatia kwamba hazina hiyo haikuwachukua wanafunzi wa uhandisi peke yao. Ilichukua rekodi za wanafunzi wote wa shahada ya kwanza, wa biashara na wa muziki, wa biolojia na wa historia. Hapo ndipo penye busara yake. Ukiwafuata wanafunzi wa uhandisi tu, kila anayehama hutoweka machoni pako. Ukiwafuata wote, utamwona akitokea upande wa pili. Tena huwezi kusema kwamba wanafunzi wa uhandisi wanaondoka kwa wingi mpaka uwe umewalinganisha na wa fani nyingine.

Mambo yaliyowashangaza wengi

Ilikuwa ikisemwa kwa miaka mingi huko Marekani, kama inavyosemwa hapa kwetu, kwamba uhandisi ni fani inayokimbiwa: kazi ngumu, hisabati nyingi, vijana wanaanza kwa shangwe na kuondoka kwa machozi. Mwaka 2008 Ohland na wenzake walichapisha uchunguzi wao uliotumia rekodi za vyuo vikuu tisa. Walikuta kwamba kati ya wanafunzi walioanza katika uhandisi, karibu 57 kwa kila 100 walikuwa bado wamo katika uhandisi walipofika muhula wa nane. Mtu akiisikia namba hiyo peke yake atalia. Lakini walipoilinganisha na makundi mengine ya fani katika vyuo vilevile, hawakupata kundi lililowashika wanafunzi wake vizuri zaidi kuliko uhandisi. Basi dai kwamba uhandisi unakimbiwa kuliko fani nyingine halikuwa na msingi katika rekodi hizo.

Palikuwa na jambo la pili, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Watafiti hao waliwatazama wanafunzi waliokuwa katika uhandisi katika muhula wa nane, wakauliza: hawa walianzia wapi? Jibu lilikuwa kwamba 93 kwa kila 100 walikuwa wameanza humohumo katika uhandisi. Katika fani nyingine sehemu kubwa ya wanafunzi wa miaka ya juu walikuwa wahamiaji. Mtu alianza biolojia akaishia saikolojia, au alianza uhandisi akaishia biashara. Uhandisi ulikuwa nyumba yenye milango mingi ya kutokea na mlango mmoja tu wa kuingilia, na mlango huo hufungwa mapema sana.

Maana yake ni nzito. Kama tatizo lingekuwa wanaotoka, dawa ingekuwa kuwazuia wasitoke, au kuchuja kwa ukali zaidi wanaoingia, kama tulivyotaka kufanya katika kikao kile. Lakini kama tatizo ni kwamba hakuna anayeingia baada ya siku ya kwanza, dawa ni nyingine kabisa: kuupanua mlango, na kufungua mingine.

Jambo la tatu lahusu wasichana. Wapo watu wadhanio kwamba wasichana ni wachache katika uhandisi kwa sababu wanaoingia hawadumu. Mwaka 2009 na tena mwaka 2011, watafiti wa hazina hiyohiyo, miongoni mwao Profesa Susan Lord, walionyesha kwamba katika vyuo walivyovichunguza wanawake walioingia uhandisi walidumu kwa kiasi kilicholingana na wanaume. Uchache wao ulianzia mlangoni. Chuo kinachotumia nguvu zake zote kuwashika wasichana wachache waliokwisha kuingia kinafanya jambo jema, lakini sehemu kubwa ya kazi iko nje ya lango lake, katika shule ambako wasichana bado wanachagua masomo.

Kipimo kimoja hakitoshi

Mwanafunzi wa hisabati atapenda kujua kwamba mabishano mengi ya elimu ni mabishano ya sehemu: nini kiwe juu, nini kiwe chini. Tutumie tena mfano wa kubuni. Wanafunzi 100 wanaanza uhandisi wa umeme. Kati yao 60 wanahitimu umeme, 20 wanahamia fani nyingine na kuhitimu huko, na 20 wanaacha chuo. Wakati huohuo wanafunzi 30 wanaingia umeme kutoka fani nyingine au vyuo vingine, na 24 kati yao wanahitimu.

Anayewahesabu walioanza tu atasema kwamba umeme umefaulu kwa 60 kwa kila 100. Anayewahesabu wanaovaa majoho siku ya mahafali na kuwalinganisha na walioanza atasema 84 kwa 100. Wanaotumia hazina ya MIDFIELD wamependekeza kipimo kingine, ambacho kwa Kiswahili twaweza kukiita mnato: kati ya wote waliowahi kuandikishwa katika fani, kwa mlango wowote ule, wangapi walihitimu humo? Hapa waliowahi kuandikishwa ni 130 na waliohitimu ni 84, yaani karibu 65 kwa kila 100. Chuo ni kilekile na vijana ni walewale, lakini majibu ni matatu. Tena hakuna hata moja kati ya hayo matatu linalowataja kwa heshima wale 20 waliohitimu kwingine; inabidi wahesabiwe peke yao.

Takwimu rasmi za Marekani za kuhitimu kwa muda mrefu zilijengwa juu ya wanafunzi wanaoingia chuo kwa mara ya kwanza na kusoma kwa muda wote. Aliyehamia kutoka chuo kingine, au anayesoma huku akifanya kazi, alikuwa nje ya hesabu. Hivyo watu walewale wanaohangaika zaidi kupata elimu ndio waliokosa kuonekana.

Kuna mtego mwingine ambao rekodi za muda mrefu hutufundisha kuuepuka. Tuseme rekodi tulizo nazo zinaishia mwaka 2018, na muda tunaoukubali wa kumaliza shahada ni miaka sita. Mwanafunzi aliyeanza mwaka 2015 hana shahada katika rekodi hizo. Je, ameshindwa? La, muda wake haujaisha. Mtafiti mwaminifu hamhesabu kabisa, si upande wa waliofaulu wala upande wa walioshindwa. Sheria hii yaonekana ndogo, lakini asiyeifuata atawaita maelfu ya watu walioshindwa wakati bado wamo darasani wakiandika.

Maana yake kwetu

Hapa Tanzania, Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, mwaka uleule ambao Baraza la Mitihani liliundwa. Leo uhandisi hufundishwa pia Mbeya, Dodoma, Arusha na kwingineko, na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam imetoka katika chuo cha ufundi kilichokuwapo tangu miaka ya 1950. Kwa hiyo tunayo zaidi ya nusu karne ya vijana walioingia na kutoka. Kila mmoja wao aliandikwa mahali fulani: katika rejista ya shule, katika orodha ya mtihani, katika faili la udahili, katika daftari la chuo. Aliyehitimu na kusajiliwa ameandikwa pia na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo tangu mwaka 2003 imekuwa ikiendesha mpango wa mafunzo ya vitendo kwa wahitimu. Vipande vya mkufu vipo. Kinachotakiwa ni uzi.

Na kwetu uzi huo una sababu kubwa zaidi. Ikiwa Marekani, ambako mwanafunzi wa chuo aweza kubadili fani kwa urahisi kiasi, mlango wa kuingilia uhandisi ni mwembamba hivyo, je, kwetu? Hapa mlango hauko chuoni hata kidogo. Anayetaka uhandisi kwa njia ya kidato cha sita huhitaji fizikia na hisabati za kiwango cha juu, na njia ya kawaida ni mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati. Huwezi kuuchukua mchepuo huo kama uliiacha fizikia katika kidato cha tatu. Basi msichana wa miaka kumi na mitano, katika shule isiyo na maabara wala mwalimu wa fizikia, huamua siku moja mambo ambayo chuo kikuu hakitaweza kuyatengua. Hakuna mhadhiri atakayemwona, na hakuna daftari la chuo litakalolitaja jina lake, hata katika orodha ya waliopotea.

Lipo pia lango la pili, la wale wanaosoma stashahada katika vyuo vya ufundi kisha wakaomba nafasi katika shahada. Tunawapenda au hatuwapendi kwa kadiri ya hadithi tulizosikia: mmoja atasema ni mafundi hodari, mwingine atasema hesabu zinawashinda. Rekodi za pamoja za miaka kumi zingemaliza ubishi huo, na kama zingeonyesha kwamba wanadumu sawa na wengine, tungekuwa na wajibu wa kulipanua lango lao.

Hatari zilizopo

Nisionekane kama mfanyabiashara anayesifu bidhaa yake na kuficha kasoro. Hatari zipo, na tatu ni kubwa.

Ya kwanza ni siri za watu. Alama za mtu ni mali yake. Marekani ina sheria ya mwaka 1974 inayolinda rekodi za elimu. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya inayo ya mwaka 2019. Kufuta majina hakutoshi. Ikiwa katika darasa la uhandisi wa mitambo la mwaka fulani alikuwamo msichana mmoja tu, jedwali lisemalo "mwanamke mmoja, alifeli" limemtaja kwa jina bila kulitaja. Ndiyo maana makundi madogo hayafai kuchapishwa kabisa.

Ya pili ni mashindano. Mkuu wa chuo atakayeona rekodi zake zinatumiwa kukiweka chuo chake mkiani magazetini hatazitoa tena. Katika rekodi za MIDFIELD wanazopewa watafiti, majina ya vyuo hufichwa kwa alama. Makubaliano ya namna hiyo hayana budi kuandikwa kabla ya rekodi ya kwanza kutolewa, si baadaye.

Ya tatu ndiyo niiogopayo zaidi. Mtu aweza kuzichukua rekodi za zamani, akaona kwamba waliotoka shule za namna fulani wengi wao hawakumaliza, kisha akaamua kwamba wa shule hizo wasipokewe tena. Huko ni kumhukumu mtoto kwa makosa ya shule aliyopangiwa. Rekodi zinaonyesha mahali barabara ilipobomoka. Anayepaswa kufanya kazi baada ya hapo ni mjenzi wa barabara, wala si polisi wa kumzuia msafiri.

Tena rekodi hazisemi kila kitu. Zitakuambia kwamba wengi huondoka baada ya muhula wa tatu. Hazitakuambia kwa nini. Huko Marekani Elaine Seymour na Nancy Hewitt, katika kitabu chao cha mwaka 1997, waliwahoji wanafunzi wa vyuo saba, walioondoka katika sayansi na uhandisi na waliobaki. Walikuta kwamba makundi hayo mawili hayakutofautiana sana kwa uwezo, na kwamba wote walilalamikia ufundishaji mbaya. Jambo hilo halimo katika jedwali lolote. Ilibidi waulizwe.

Tuanzie wapi?

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Sikubaliani nao. Kompyuta moja ya kawaida hubeba rekodi za wanafunzi wote tuliowahi kuwafundisha. Kilicho adimu ni kuaminiana. Vyuo vitatu vinavyokubaliana juu ya maana ya neno "ameacha" vimekwisha kufanya nusu ya kazi. Watafiti wa MIDFIELD wametoa pia sampuli ya rekodi za wanafunzi karibu 98,000, zisizo na majina, ili mtu yeyote ajifunze kuzichambua bila malipo. Mwanafunzi wetu wa takwimu aweza kujizoeza kwa hizo leo.

Lakini walimu wenzangu wa sekondari wasingoje vyuo. Chukua daftari kubwa. Andika namba za wanafunzi wote wa kidato cha kwanza wa mwaka huu, wasichana upande mmoja na wavulana upande mwingine. Chora safu nne, moja kwa kila mwaka. Kila Januari, mbele ya kila namba, andika neno moja: anasoma fizikia, ameiacha fizikia, amerudia, amehamia shule nyingine, ameacha shule. Aliyehamia usimwandike kuwa amepotea, andika alikokwenda. Anayeingia katikati mwongeze chini na umfuate kama wengine. Daftari lenye majina lifungie kabatini.

Katika mwaka wa kwanza daftari hilo halitakuwa na la kusema. Mwaka wa tatu litakuambia ni wasichana wangapi walioiacha fizikia, na kama waliiacha zaidi ya wavulana. Mwaka wa nne utaweza kukaa na wenzako wa shule tatu za jirani mkalinganisha. Kama shule moja inawashika wasichana wake na nyingine inawapoteza, na zote ziko kata moja na watoto wao ni wa wazazi walewale, basi mmekwisha kuliona jambo ambalo hakuna mtaalamu kutoka makao makuu angeweza kuwaambia. Nendeni mkatazame shule ile inafanya nini.

Na ninyi wanafunzi mnaosoma makala haya, shikeni jambo moja. Mtakapoambiwa kwamba wasichana hawaiwezi fizikia, au kwamba wa shule za kata hawadumu katika uhandisi, msikasirike. Ulizeni kwa adabu maswali matatu: walianza wangapi, walifuatwa kwa muda gani, na waliohama walihesabiwa wapi? Ningeulizwa maswali hayo katika kikao kile, ningenyamaza kabla sijasimama kusema.